Kwa Nini Namtaja Sana Antonio Inoki

Ndugu zangu, kila video ni swali lile lile: "Wewe uko Japani, kutwa Inoki, Inoki, wamekulipa?" Hakuna aliyenilipa. Wala sijisifu kujuana na wakubwa. Inoki alikuwa mwanamieleka maarufu wa Japani, baadaye mbunge. Sikuwahi kukutana naye, na alifariki Oktoba 2022.

Pambano lake na bondia Muhammad Ali la 1976 mnalijua, sitalirudia. Mimi kilichonishika ni mwaka 1957. Inoki ana miaka 14, familia yake inapanda meli kwenda Brazil kutafuta maisha. Babu yake anafia safarini. Wakifika, kazi ni shamba la kahawa. Huko ndiko Rikidozan, bingwa wa mieleka, alikomkuta mwaka 1960 akamrudisha Japani. Na Rikidozan mwenyewe alizaliwa Korea, akaficha asili yake ili Wajapani wampokee!

Mimi nami ni mgeni: sasa nikitafuta nyumba ya kupanga hapa, naambiwa mwenye nyumba hataki wageni, hata karatasi zangu za kazi hazijafunguliwa. Nikikubaliwa, kuna kodi ya mwezi, amana, ada ya dalali, kampuni ya kunidhamini, halafu reikin, yaani pesa ya kumshukuru mwenye nyumba, hairudi. Mtasema nalalamika. Sawa, lakini ni mfuko wangu.

Inoki aliingia Baraza la Juu la Bunge mwaka 1989 na chama chake cha Michezo na Amani. Mwaka uliofuata Saddam Hussein, rais wa Iraki, akawazuia Wajapani waliokuwa huko wasiondoke. Inoki akaenda mwenyewe, akaandaa mieleka Baghdad mwezi Desemba, watu wakaachiwa. Alijua kukwama ugenini kukoje, ndivyo ninavyoamini. Mwaka 2013, akiwa bungeni tena, alikwenda Korea Kaskazini bila ruhusa ya Bunge, akasimamishwa siku 30. Wengine walimwona mkaidi. Mimi namheshimu: huko ndiko alikozaliwa mwalimu wake, Rikidozan.

Na nyinyi mnaonisukuma nitume pesa za mradi nyumbani, Inoki naye alimwaga pesa Brazil, mradi wa kutengeneza chakula cha mifugo kwa makapi ya miwa. Ulimwachia madeni makubwa, na kampuni yake ya mieleka ikatikisika. Simkatazi mtu, kila mmoja na familia yake na riziki yake. Ila mimi mwaka huu situmi pesa ya mradi wowote mpaka nimalize kulipia gharama za kupanga nyumba.