Virginia McKenna: mwigizaji aliyebadilishwa na simba wa Naro Moru

Habari zenu wapendwa, mko salama? Kutoka huku Uingereza leo nawaletea mtu ambaye huko nyumbani wengi wanaijua sura yake bila kulijua jina. Yule mama mwenye nywele za rangi ya dhahabu anayetembea na simba jike kwenye Born Free, picha iliyotoka 1966. Anaitwa Virginia McKenna. Kuna wanaodhani yule ni Joy Adamson mwenyewe. Siye. Joy alikuwa mzaliwa wa Austria, mke wa bwana nyama George Adamson, na ndiye aliyeandika kisa cha Elsa, yule simba jike waliyemlea kisha wakamwachia huru porini. McKenna ni mwigizaji aliyepewa nafasi ya kumwigiza, na kabla hajakanyaga Naro Moru, Kenya, ilikopigwa picha ile, alikuwa tayari na jina kubwa huku, tena kwa picha nzito za vita.

Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Sehemu ya utoto wake ilipita Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili, kisha akarudi, akasomea uigizaji Central School of Speech and Drama, na kazi akaianzia kwenye jumba la tamthilia la Dundee, Uskoti. Majumba ya aina hiyo yalikuwa jando kamili la waigizaji: mchana unafanya mazoezi ya mchezo unaofuata, usiku unapanda jukwaani na mchezo wa sasa, na ukichanganya maneno hakuna wa kukukatia kamera. Ndiyo maana waigizaji wa kizazi kile hawababaiki.

1953 akaonekana kwenye The Cruel Sea. 1956 ndiyo ikaja A Town Like Alice, akiwa mwanamke Mwingereza aliyetekwa na Wajapani huko Malaya na kuswagwa kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji pamoja na akina mama na watoto. Ikampa BAFTA, tuzo ya filamu ya huku Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza, na mwenzake Peter Finch akachukua ya wanaume kwa picha hiyohiyo. Mkiitafuta, msiangalie machozi, angalieni mwendo. Jinsi anavyozidi kutembea kwa kujiburuta kadiri njia inavyorefuka, bila mtu kukuambia kwamba amechoka. 1958 akamwigiza Violette Szabo kwenye Carve Her Name with Pride, jasusi wa kweli aliyetumwa Ufaransa, akakamatwa, na kuuawa na Wanazi katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945. Mimi naiweka hiyo juu ya zote, hata juu ya ile ya simba. Najua mtanipinga kwenye maoni, karibuni.

Upande wa nyumbani, kwanza aliolewa na mwigizaji Denholm Elliott, ndoa haikudumu. 1957 akaolewa na Bill Travers, jamaa mrefu, mwigizaji pia, na huyo wakaishi naye hadi Travers alipofariki mwaka 1994. Kwenye Born Free mume na mke mnaowaona ni mume na mke kweli.

Sasa twende Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, maana hapa ndipo penyewe.

Tatizo la kwanza la picha ile lilikuwa hili: Elsa ni simba mmoja kwenye hadithi, lakini huwezi kumpiga picha kwa simba mmoja. Unahitaji watoto wadogo, unahitaji wa umri wa kati, unahitaji waliokomaa, na simba hawasubiri ratiba ya kamera kwa sababu wanakua kila wiki. Wakatumika simba zaidi ya 20. Kila mmoja na tabia yake: huyu anapenda kucheza, yule mtulivu, mwingine hamtaki mtu fulani karibu. Kwa hiyo onyesho lilichaguliwa kulingana na simba, siyo simba kulazimishwa kufuata onyesho.

Tatizo la pili lilikuwa mafunzo. Mwanzoni walileta simba jike wa sarakasi kutoka Ulaya pamoja na mkufunzi wao. Haikufaa. Simba wa sarakasi anamtii mkufunzi wake na amri zake, siyo mwigizaji anayekuja kumkumbatia. Mkufunzi akitoka kwenye picha, na lazima atoke, mwigizaji anabaki na mnyama asiyemjua. George Adamson, aliyekuwa mshauri wa picha, yeye alikuwa na njia yake: mtu na simba wazoeane kwanza. Basi Virginia na Bill wakawa wanatumia saa nyingi nao, kutembea nao nyikani, kucheza nao, kukaa tu, siku baada ya siku, kamera ikiwa haipo. Mle ndani mnapoona simba anasugua kichwa chake kwenye goti la mama yule, ule ni mazoea, siyo ujanja wa kamera.

Haina maana kwamba haikuwa hatari. Simba akicheza anaruka, na mchezo wake kwa mwenzake mwenye manyoya na ngozi nene siyo mchezo kwa binadamu. Virginia alivunjika kifundo cha mguu simba mmoja kijana, Boy, alipomrukia. Simba hakuwa amekasirika hata kidogo. Mama akapona, akarudi kwa simba walewale. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko watu wanavyodhani: mnyama huhisi woga kwenye mwili wako, na ukirudi unatetemeka, mazoea yote yanaanza upya.

Na kabla sijasahau, waangalieni Peter Lukoye anayeigiza Nuru na Omar Chambati anayeigiza Makkedde. Wanafanya kazi na simba walewale, ila wakitajwa waigizaji wa picha ile majina yao hayasikiki. Nayo ni haki yao.

Muziki wa John Barry ukachukua Oscar mbili, moja ya muziki wa picha, moja ya wimbo. Lakini upigaji picha ulipokwisha likazuka swali: simba hawa waende wapi? Wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama na mbuga za kulipia Ulaya. Fikirieni, picha nzima inahusu kumwachia simba huru! George akafanikiwa kuwapata watatu, Boy, Girl na Ugas, akaenda nao Meru, mbuga ya wanyama ya Kenya, kuwafundisha kuwinda. Kati yao Boy na Girl walikuwa wametoka kwa kikosi cha jeshi la Uingereza, Scots Guards.

Habari ya Boy haikuisha vizuri, na wanaosimulia hadithi hii kwa utamu huiruka. Alivunjika mguu, ukaungwa kwa chuma, na 1971 huko Kora, nyika ya Kenya alikohamia George na simba wake, akamuua msaidizi wa George. George akampiga risasi. Simba aliyezoea watu hupoteza ile hofu inayomfanya amkwepe mtu. Ndiyo hoja kubwa ya waliopinga njia ya George, na siyo hoja ya kupuuza.

Kora yenyewe ina mkono wa akina Travers. Ile video ya simba anayewakumbatia vijana wawili wenye nywele ndefu, waliomlea, iliyozunguka sana mitandaoni, ni ya Christian. Alinunuliwa Harrods hapa London mwaka 1969, siku hizo duka liliuza hata simba, akawa anafugwa kwenye duka la samani mtaa wa King's Road. Bill na Virginia waliingia pale kama wateja, wakakutana naye, na kupitia wao George akaombwa ampokee. 1970 Christian akatua Kenya.

Simba walianza kumbadilisha Virginia, lakini kilichommalizia hakikuwa simba. Alikuwa ndovu mdogo, Pole Pole, waliyeigiza naye kwenye An Elephant Called Slowly. Serikali ya Kenya ilikuwa imeamua kumtoa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Wakaomba wamnunue abaki mbuga ya Tsavo kwa David Sheldrick, bwana nyama wa huko. Wakajibiwa kwamba inawezekana, ila atakamatwa mwingine badala yake. Wakaacha. Miaka ya 80 mwanzoni wakamkuta London peke yake. Ndovu jike huishi maisha yake yote kwenye ukoo. Ukimtenga unamnyima kila kitu. Kampeni ikapigwa, ikaamuliwa ahamishiwe Whipsnade, bustani kubwa ya wanyama nje ya London. Siku ya kuhama akakaa ndani ya kreti kwa muda mrefu mno, akaanguka. Baadaye akachunguzwa kwa nusukaputi na kuuawa humo humo, 1983, bado kijana kwa umri wa ndovu.

Mwaka uliofuata Virginia, Bill na mwana wao Will wakaanzisha Zoo Check, ambayo baadaye ikawa Born Free Foundation. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa ya kuchosha: kuzunguka bustani za wanyama na kurekodi dalili za wanyama wanaoteseka. Mnyama anayekwenda na kurudi njia ileile, anayeyumbisha kichwa, anayelamba vyuma vya kizimba. Mkienda kwenye bustani yoyote, simameni dakika 10 mbele ya kizimba kimoja badala ya kupita, mtaziona wenyewe. London Zoo iliwahamisha ndovu wake wote 2001. Meru, alikozikwa Elsa, taasisi hiyo bado inafanya kazi na simba.

Uigizaji hakuuacha. 1979 alipata tuzo ya Olivier, ya tamthilia za London, kwa The King and I, akiwa jukwaani na Yul Brynner London Palladium. Cheo cha heshima cha Dame alikuja kupewa katika heshima za Mwaka Mpya 2023, na kilichoandikwa pale ni huduma kwa wanyamapori, sinema haikutajwa. Kama mna muda wa picha mbili tu wikendi hii, anzeni na ya Violette Szabo halafu Born Free, kwa mpangilio huo, mkiangalia anavyotumia mikono.