Mjomba Mwezi na Kichwa cha Samaki

SALIM: Macho mekundu, da Zuwena. Mtoto wa jirani tena?

ZUWENA: Tena. Ila Jumanne nilibisha hodi na sahani ya vitumbua. Bibi yake kaja hapa Maskati kutoka Bangladesh kumlea, na kila usiku namsikia ukutani, wimbo uleule. Mkaza mwanawe akanifasiria kwa Kiarabu: mtoto kalala, mtaa umetulia, Bargi wameingia nchini, shorewanda wamekula mpunga, kodi tutailipaje?

SALIM: Huo wa kubembelezea mtoto?

ZUWENA: Ndiyo! Bargi ni wapanda farasi wa Maratha, dola ya magharibi mwa India. Tangu 1741 waliivamia Bengali, nchi ambayo sehemu yake ndiyo Bangladesh ya leo, mara kwa mara, wakidai robo ya mapato. Mwaka 1751 Nawabu Alivardi Khan, mtawala wa Bengali, akakubali kuwalipa rupia laki 12 kila mwaka.

SALIM: Na yule bibi anawajua Maratha?

ZUWENA: Kwake Bargi ni watu wabaya wajao usiku.

SALIM: Basi kumbukumbu imekufa. Limebaki zimwi.

ZUWENA: Haijafa! Sikiliza unavyoendelea: mpunga umekwisha, tambuu imekwisha, subirini siku chache, nimepanda vitunguu saumu. Hayo ni maneno ya mtu aliyesimamiwa mlangoni.

SALIM: Wewe umeyajua hayo kwa kusoma. Yeye anaimba sauti tu, mtoto alale.

ZUWENA: Anaimba woga wa kudaiwa. Huo hausomwi.

SALIM: Sikubali.

ZUWENA: Usikubali. Kuna na ule wa mwezi. Wabengali humwita mwezi mjomba, ndugu wa mama, aje amtie mtoto kitone kwenye paji la uso. Wanamuahidi: tukitwanga mpunga tutakupa pumba, tukikata samaki tutakupa kichwa.

SALIM: Kichwa? Mjomba mzima apewe kichwa?

ZUWENA: Kichwa ni heshima! Kwao mkwe akija, kichwa cha samaki mkubwa huwekwa sahanini mwake.

SALIM: Kwetu pia. Babu alikuwa hali changu mpaka kichwa kielekezwe kwake.

ZUWENA: Na mama yako?

SALIM: Mama alipata mkia. Subiri... mjomba wangu ndiye aliyekuwa akimwachia kichwa. Kila Ijumaa, kimyakimya.

ZUWENA: Basi huyo ndiye mwezi.

SALIM: Umenishika hapo. Lakini kwenye Bargi bado nakataa. Mtu hakumbuki asichokijua.

ZUWENA: Mtoto huyo akikua atauliza Bargi ni nani. Bila wimbo angeuliza nini?

SALIM: Atauliza, au atacheka. Dakika mbili za kipindi zimebaki.

ZUWENA: Na semi za Khana, yule mshairi wa kike wa kale wa Kibengali? Nimeandika kurasa mbili, mvua, mbegu, majira ya kulima!

SALIM: Wiki ijayo.

ZUWENA: Mmoja tu. Ukipanda mgomba usikate majani. Humo mna nguo, humo mna wali.

SALIM: Wali na kichwa cha...

ZUWENA: Salim!