Ahmed Zaki Kabla Hajawa Rais

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie Ahmed Zaki, na najua wengi mmekuja kusikia habari za filamu yake "Nasser 56". Nitafika huko, lakini mtanivumilia, maana hili ndilo jambo ninalogombana na watu kila ninapopewa kipaza sauti. Mwigizaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake nchini Misri tumemfanya bingwa wa kuiga sauti za marais. Kamwigiza Gamal Abdel Nasser mwaka 1996, Anwar Sadat mwaka 2001, basi, habari yake imekwisha. Haijaisha. Haijaanza hata kidogo.

Anzeni Zagazig, mkoa wa Sharqia, alikozaliwa mwaka 1949. Baba alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, mama akaolewa kwingine, akakulia mikononi mwa jamaa. Akapita shule ya ufundi, kisha Cairo kusomea uigizaji. Mchezo wa jukwaani wa vichekesho "Madrasat al-Mushaghibin", yaani Shule ya Watundu, mnaujua, sina haja ya kuusimulia. Nataka mkumbuke tu kwamba Adel Imam na Said Saleh walipokuwa wakiwavunja watu mbavu, Ahmed Zaki alipewa mwanafunzi fukara, mpole, ambaye hakuwekwa pale kuchekesha mtu.

Mwaka 1975 ikaja filamu ya "Al-Karnak". Alikuwa aigize mpenzi wa Soad Hosny, nyota wa kike wa filamu za Misri. Wenye fedha wakakataa: kijana mweusi, nywele zile, nani ataamini Soad Hosny kampenda huyu? Nafasi akapewa mwigizaji mwingine, Nour El-Sherif. Sasa kuna mtu hapa atasema, lakini Misri si ni Afrika? Ndiyo, ni Afrika, na vijiji vya bonde la Nile vimejaa watu wa rangi ya Ahmed Zaki, na ndiyo maana jambo hili linanikera mpaka leo. Watu walikata tiketi kwa miaka mingi kwenda kuangalia mashujaa ambao hawakufanana na kaka zao wala waume zao. Miaka 3 baadaye, mwongozaji yuleyule, Ali Badrakhan, alimweka na Soad Hosny katika "Shafika na Metwalli". Safari hii alikuwa kaka yake, kijana wa kijijini anayechukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba Mfereji wa Suez. Mshikeni huyo Metwalli, nitamrudia.

Tuje kwenye "Al-Bari'", yaani Asiye na Hatia, ya mwaka 1986. Kaiandika Wahid Hamed, kaiongoza Atef El-Tayeb. Nikiambiwa nichague filamu moja tu ya Ahmed Zaki, ni hii, na sibabaiki. Anaigiza kijana maskini wa shamba, Ahmed Sabe' el-Leil, asiye na elimu. Rafiki yake mmoja tu ndiye msomi, Hussein Wahdan, mwanafunzi wa chuo kikuu, na huyo ndiye anayemweleza kwamba kwenda jeshini ni kuilinda nchi dhidi ya maadui zake. Anaandikishwa, anapelekwa gereza la jangwani kulinda wafungwa wa kisiasa. Anawauliza wakubwa, hawa ni nani? Anajibiwa: maadui wa taifa. Naye anaamini, kwa nini asiamini? Mfungwa mmoja, mwandishi, anapojaribu kutoroka, Ahmed anamfukuza jangwani na kumnyonga kwa mikono yake. Anazawadiwa.

Mwangalieni mwili wake humo ndani. Kuruta yule anasimama kama mtu ambaye viatu vya jeshi ndivyo vya kwanza vya maana maishani mwake, mabega juu, macho wazi kupita kiasi, mdomo haufungiki vizuri. Hakuna hila hata moja usoni. Mwigizaji mwingine angemfanya mjinga tumcheke, au mkatili tumchukie. Yeye anamwacha muuaji aendelee kuwa na roho safi, na hapo ndipo unapotaka kuondoka kwenye kiti chako.

Kisha linakuja lori la wafungwa wapya. Askari wamejipanga, wanawachapa wanaposhuka. Ahmed naye anachapa, mpaka anamwona Hussein. Anamkinga kwa mwili wake, anapiga kelele kwamba huyu ni Hussein Wahdan, hawezi kuwa adui wa taifa! Huyo ndiye aliyemfundisha neno lenyewe. Wote wawili wanatupwa seli moja, wanaingiziwa nyoka, Hussein anakufa. Mwishoni Ahmed yuko juu ya mnara wa ulinzi na bunduki yake na filimbi yake ya mwanzi, lori jingine linakuja, anawafyatulia risasi wakubwa wake, na kuruta mwenzake anamuua. Lakini hayo siyo waliyoona watu mwaka 1986. Mawaziri 3, wa ulinzi, wa mambo ya ndani na wa utamaduni, waliitazama filamu kabla haijatoka, na mwisho ukakatwa. Watazamaji waliachiwa ukelele wa Ahmed tu, akipiga yowe kule mnarani. Toleo kamili lilionyeshwa hadharani mwaka 2005, mwaka uleule aliokufa kwa saratani ya mapafu.

Mwaka 1987 akavuka kwenda upande wa pili. Katika "Mke wa Mtu Muhimu" ya Mohamed Khan ni ofisa wa usalama, wakati wa ghasia za Januari 1977 za kupinga kupanda kwa bei ya mkate, anayemponda mkewe nyumbani kama anavyowaponda raia. Kuruta anayeamrishwa na ofisa anayeamrisha, mtu mmoja, ndani ya miaka 2!

Naona naonyeshwa saa. Haya, Nasser. Mtaniambia watu walijaa kumbi, na kweli walijaa. Wazee wetu wa pwani waliosikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo enzi za Nasser wana kila haki ya kuipenda filamu ile. Mimi pia naipenda. Ila siku ya tarehe 26 Julai 1956, Nasser alipotangaza kule Alexandria kwamba mfereji umerudi kwa Wamisri, aliwataja waliokufa wakiuchimba. Anayesema maneno hayo kwenye filamu alishamwigiza Metwalli mchimbaji miaka 18 nyuma. Sauti ya rais unaweza kuifanyia mazoezi. Uzito ule wa maneno ulitoka kwa Metwalli.

Filamu ya "Kaboria" na vijana walionyoa nywele kama yeye, sitaiwahi. "Ardh al-Khof" inataka jioni yake peke yake. "Halim", ya maisha ya mwimbaji Abdel Halim Hafez, aliyoicheza akiwa mgonjwa na mwanawe Haitham akamsaidia kuikamilisha, tutaijadili kwenye maswali. Ila mkitafuta "Al-Bari'" usiku huu, angalieni dakika za mwisho. Kama inaishia kwenye ukelele, hiyo ndiyo iliyokatwa. Tafuteni nyingine.