Mtaro ni wa nani?

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nimeambiwa niongee kuhusu kazi yangu, utawala wa miji na sera za umma, na niseme tu ukweli, shosho yangu mpaka leo anajua mimi ni kanjo, askari wa jiji wa kufukuza wachuuzi, simlaumu.

Wacha nianze na mtaro. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuangalia mtaro umeziba mbele ya kibanda cha mama mboga mmoja, maji meusi yanapita chini ya sukuma wiki, ameweka mbao mbili wateja wapitie juu. Ofisi ya kwanza wakasema huo ni wa watu wa barabara, wa barabara wakasema hayo si maji ya mvua ni maji taka, wa maji taka wakachungulia picha wakaniambia kilichoziba ni takataka, nenda kwa wa takataka. Wiki tatu! Na digrii ninayo.

Usiku nikafungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: maji ya mvua mitaani, maji na usafi, kuzoa taka, zote kazi za kaunti. Kwa karatasi ni mlango mmoja. Ukifika ground ni milango minne na kila mlango una bajeti yake, na hapo ndipo kazi yetu iko jamani, kujua nani anaweka sahihi na pesa imelala fungu gani.

Na hata huyo mwenye sahihi hakai. 1983 baraza la jiji lilivunjwa, tume ya kuteuliwa ikaendesha Nairobi hadi 1992. 2013 ikaja kaunti. 2020 kazi nne, afya, uchukuzi, ujenzi na mipango, zikahamishiwa serikali kuu chini ya NMS, yaani Nairobi Metropolitan Services, ofisi iliyoundwa kuziendesha, 2022 zikarudi kaunti. Kuna watu walibadilisha mabosi hivyo bila kuhama meza.

Lakini kuna Mukuru, mtaa wa mabanda hapo Nairobi, hiyo naipenda. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru eneo maalum la mipango, yaani mtaa utungiwe mpango wake wenyewe, kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, familia zaidi ya 100,000, na wenyeji wakajipanga vikundi vya nyumba kumi kumi ili kila mtu asikike, si mkutano mmoja chini ya hema mnapewa soda mnaenda. Hapo ndipo hesabu ndogo ilinifunza kuliko kitabu: mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, lita 1,000 ni shilingi 250, na mwenye mfereji ndani ya nyumba huko mitaa ya juu halipi hivyo. Maskini ndiye ananunua maji ghali, halafu tunaandika ripoti eti hawawezi kulipia huduma.

Kwa hivyo ukitaka hii kazi usikimbilie masters kwanza. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, nenda ukae, utakuta viti vitupu na karatasi chache, chukua moja usome wodi yako imepewa nini.

Aa, mtaro? Ulizibuliwa. Kijana wa mtaani na sepeto lake, mama mboga alimlipa mia mbili, ripoti yangu ilikuwa bado inangoja sahihi ya pili. Haya, maswali.