Nikiwa Milima ya Smoky, Nikiiwaza Elgon

Habari za nyumbani, watu wangu wa Endebess, Kitale na Bungoma? Na wewe mama, najua umeshaomba simu ya jirani unitazame. Shikamoo.

Milima hii nyuma yangu ni Great Smoky Mountains, mpakani mwa Tennessee na North Carolina, katika safu ya Appalachia. Ule weupe si moshi, ni ukungu, kama ule wa Mlima Elgon, kwetu Kenya, alfajiri.

Tazameni mti huu. Nikiukumbatia, mikono haikutani. Utadhani uko hapa tangu enzi za mababu, lakini kampuni za mbao zilifyeka sehemu kubwa ya msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita. Reli ilipandishwa mlimani kubeba magogo. Vikabaki visiki, moto ukapita, mvua ikabeba udongo. Haya yote mnayoyaona yameota upya! Mimi nilikulia nikisikia kwamba msitu ukishaisha umeisha, ndiyo maana nimesimama hapa muda mrefu.

Ardhi ilibidi inunuliwe, kipande kwa kipande. Majimbo yale mawili yalitoa pesa, watoto wa shule wakachanga senti zao, tajiri John D. Rockefeller Mdogo akatoa dola milioni 5. Hifadhi ikaanzishwa 1934. Ila kuna familia zilizohamishwa. Kule bonde la Cades Cove nyumba zao za magogo bado zimesimama, na makanisa, na makaburi. Niliingia nyumba moja, nikaona meko yao, nikakosa la kusema. Waogiek wa Chepkitale, waliohamishwa pia kutoka msitu wa Elgon, wakiona video hii watanielewa.

Kuingia hapa ni bure. Unalipia maegesho tu, dola 5 kwa siku. Watu wapatao milioni 12 huja kwa mwaka. Sisi tulikulia karibu na geti la Chorlim, la kuingilia Hifadhi ya Mlima Elgon, na darasa letu halikuwahi kuingia hata siku moja, jamani, na ndani mna pango la Kitum! Ndovu huingia mle usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Niliwasimulia wenzangu wa kazini hapa, wakadhani natunga.

Mjomba, ile miche ya podo iliyoota nyuma ya zizi, tafadhali usiing'oe. Nami nikija Desemba, mama, uwe na koti zito. Geti la Chorlim likifunguliwa asubuhi, litukute mimi na wewe tumeshafika.