Sacer si sanctus: asili ya "santo", "saint" na "sagrado"

NEEMA: Mwaka 1697, majeshi ya Oman yakiwa yameizingira Ngome ya Yesu, meli ya Kireno ilizama mbele ya ngome hiyo, Mombasa. Iliitwa Santo António de Tanná. Karibu karne mbili kabla, mwaka 1498, Vasco da Gama alifika pwani hiyo hiyo na meli yake São Gabriel. Kaka Salim, meli zote mbili zina cheo cha mtakatifu kwenye jina. Mbona moja ni Santo na nyingine São?

SALIM: Sikiliza sauti inayofuata, dada Neema. António linaanza na irabu, Gabriel linaanza na konsonanti. Kwa Kireno, mbele ya irabu neno hubaki zima: Santo António, Santo Agostinho. Mbele ya konsonanti kwa kawaida hukatwa: São Paulo, São Tomé. Kihispania kinakata hata mbele ya irabu, San Antonio, lakini kinaacha Santo nzima kwa majina machache yanayoanza na To- au Do-: Santo Tomás, Santo Domingo. Kiitalia kina sura tatu: San Pietro, Sant'Antonio, na Santo Stefano, kwa sababu s ikifuatwa na konsonanti nyingine, Mwitalia anataka irabu mbele yake.

NEEMA: Na zote zimetoka kwa sanctus ya Kilatini. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Wanakutana na sanctus, wanakutana na sacer, na kwa kuwa yote mawili tunayafasiri "takatifu", wanadhani ni neno moja lenye nguo mbili.

SALIM: Mzizi ni mmoja, sak-. Maana ndiyo inayotofautiana. Sacer ni kitu kilichotoka mikononi mwa watu kikawa mali ya miungu. Kinaweza kuwa hekalu, na kinaweza kuwa mtu aliyelaaniwa. Sheria za Meza Kumi na Mbili, za karne ya 5 kabla ya Kristo, zilisema mkubwa akimdhulumu mtu aliye chini ya ulinzi wake, "sacer esto", na awe sacer. Aliyemuua mtu wa namna hiyo hakuhesabiwa kuwa muuaji.

NEEMA: Msikilizaji wa Kiswahili asishangae sana, maana anayo haramu. Msikiti Mkuu wa Makka ni Masjid al-Haram, na nyama ya nguruwe ni haramu. Mzizi ni ule ule wa Kiarabu, h-r-m, kilichozuiwa. Cha kwanza kimezuiwa kwa heshima, cha pili kwa katazo.

SALIM: Mfano mzuri, ila tuuchukulie kama mfano tu. Sacer na haramu hazina undugu wa lugha.

NEEMA: Sasa sanctus. Hiki kilikuwa kitenzi kwanza: sancire, kuthibitisha jambo na kuliwekea adhabu kwa atakayelivunja. Sanctus ni umbo lake la kutendwa, kwa hiyo maana ya mwanzo ni "kilichowekewa kinga". Gaius, mwanasheria wa Kirumi wa karne ya 2, aliyagawa mambo haya wazi. Hekalu lililowekwa wakfu kwa miungu ya juu ni sacrum, umbo jingine la sacer. Kaburi ni religiosum. Kuta na malango ya mji ni sancta.

SALIM: Kuta! Hakuna mungu anayemiliki ukuta. Lakini aliyeuparamia kwa ngazi alistahili kifo, na wanasheria walikumbusha kisa cha Remus, aliyeuawa kwa kutaka kuruka ukuta wa Roma. Utakatifu wa sanctus ulitoka kwenye adhabu. Tawi jingine la kitenzi hicho, sanctio, ndilo lililowapa Wafaransa sanction, ambalo kwenye habari za mataifa tunalifasiri "vikwazo".

NEEMA: Wakristo walipoanza kuandika Kilatini, sacer ilikuwa inanukia mahekalu ya miungu ya zamani. Kwa kufasiri hagios, "takatifu" ya Kigiriki, walichagua sanctus. Ndiyo unayoisikia katika misa, Sanctus mara tatu, kwetu "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Kwa uamuzi huo sanctus ikawa neno la kila siku, la kuita watu, makanisa na miji.

SALIM: Sacer yenyewe ilififia midomoni. Kilichobaki na nguvu ni kitenzi chake, sacrare, kuweka wakfu, na umbo la kutendwa, sacratum. Na hapa kuna kipimo ninachokipenda: lifuate kundi la sauti kr, ambalo Kilatini huliandika cr. Kwa Kihispania na Kireno, k iliyokuwa baada ya irabu na mbele ya r ililegea ikawa g. Lacrima, chozi, ikawa lágrima. Sacratum ikawa sagrado, "kitakatifu", na t ya mwisho nayo ikalegea ikawa d.

NEEMA: Basi ukikuta sacro kwa Kihispania, k ikiwa haijaguswa?

SALIM: Neno hilo halikupita midomoni mwa wakulima kwa karne zote hizo. Limechukuliwa vitabuni. Hueso sacro, mfupa wa chini ya uti wa mgongo, ni la madaktari. Kilatini os sacrum nacho kilifasiri jina la Kigiriki. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba sagrado limetoka kwa sacrum. Haliwezi. Lile -ado lazima litoke kwa -atum.

NEEMA: Kifaransa kilikwenda mbali zaidi. Lacrima imekuwa larme, ile k imeyeyuka kabisa. Kwa njia hiyo hiyo sacramentum, ambayo kwa Warumi ilikuwa kiapo, hasa cha askari, ikawa serment, kiapo. Katika Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, maandishi ya kale sana ya Kifaransa, bado imeandikwa sagrament, na g yake. Baadaye Kanisa likaleta neno lile lile upya kutoka Kilatini: sacrement, sakramenti. Mama mmoja, watoto wawili.

SALIM: Na saint ya Kifaransa ni mtoto halali wa sanctum, umbo jingine la sanctus: kt baada ya n iliacha i nyuma yake, kama punctum, nukta, ilivyokuwa point. Kihispania kiliitupa k tu: punto, santo. Sacré ndiyo yenye k kamili, dalili ya mkono wa makasisi na waandishi.

NEEMA: Tuiseme sacré vizuri, maana inaumbua watafsiri. Un livre sacré ni kitabu kitakatifu. Un sacré menteur ni mwongo wa kupindukia. Ikija baada ya nomino, ni utakatifu. Ikitangulia, mara nyingi ni ukali wa maneno. Wengine hudai hiyo ni laana ya sacer ya kale iliyosalia. Sikubali. Imetokana na watu kuapa kwa vitu vya kanisa, na Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, mpaka leo sacrer ni kutukana kwa majina ya vyombo vya altareni.

SALIM: Kiromania ndicho kinachotega zaidi. Sfânt inafanana na santo kiasi cha kukudanganya, lakini ni neno la Kislavoni, lugha ya kanisa ya Waslavi, liliingia kwa liturujia ya Kiorthodoksi. Mtoto wa kweli wa sanctus amejificha ndani ya majina: Sânpetru, Sântămărie, mji wa Sânnicolau Mare. Hiyo Sân- ya mwanzo ndiyo São ya meli ya Vasco da Gama.