Kwa Nini Nimehama, na Kelele Ninazozisema ni Zipi

Ndugu watazamaji wangu, hamjambo. Tangu nilipoweka ile video fupi ya sebule iliyojaa masanduku, swali linalonijia ni lile lile: dada, mbona umehama, na unalalamikia kelele gani wakati Ulaya ni kimya kitupu? Wengine wameuliza kwa upole. Wengine wamesema ninajionyesha kwa sababu nyumba ina roshani, na wengine, kwa video hiyo hiyo, wamesema ninalia shida ili nichangiwe. Sijaomba mchango wa mtu na siombi leo. Nimeona afadhali nijibu mara moja kwa utaratibu, na kila nitakachosema kichukuliwe kuwa ni cha kwangu mimi, mwenye kazi yangu na mkataba wangu, hapa Hamburg, Ujerumani. Aliye Munich au Leipzig anaweza kuwa na habari nyingine kabisa.

Nimehama kwa sababu nilikotoka nilikuwa nimepangishwa na mpangaji mwingine aliyekwenda kufanya kazi nje, naye muda wake wa kurudi ulifika. Hakuna utajiri ulioshuka. Nyumba niliyoipata iko Barmbek, mtaa wa hapa Hamburg, ghorofa ya pili, sebule na chumba cha kulala, kodi tupu ni euro 680, na juu yake kuna euro 170 za maji, joto, taka na usafi wa ngazi, kwa hiyo kila mwezi zinatoka 850 kabla sijalipa umeme na intaneti. Hizo 170 ni makadirio tu. Mwisho wa mwaka wa hesabu mwenye nyumba hupiga mahesabu ya matumizi halisi, na kama uliwasha joto sana unaletewa bili ya kuongeza.

Sasa nije kwenye amana, yaani fedha anazozishika mwenye nyumba hadi utakapohama, maana hapa ndipo watu wa nyumbani wanaponiona mwongo. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 551, inamruhusu mwenye nyumba kudai amana isiyozidi kodi tupu ya miezi mitatu, na inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza mkataba unapoanza na mawili yanayobaki pamoja na kodi za miezi inayofuata. Kwangu jumla ilikuwa euro 2,040. Nilipotaja mafungu, yule bwana wa ofisi ya nyumba aliniangalia kana kwamba nimemwomba mkopo, na ilinibidi nimwonyeshe kifungu kwenye simu ndipo akaandika. Ninajua Dar es Salaam kodi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, kwa hiyo sisemi kwamba kwetu ni rahisi zaidi. Huku, tangu Juni 2015, dalali hulipwa na aliyemwagiza, na kwa kuwa mara nyingi aliyemwagiza ni mwenye nyumba, mimi sikutoa hata senti ya udalali. Hilo nalishukuru.

Ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba nyumba nyingi huku hupangishwa bila jiko. Simaanishi jiko la kupikia peke yake. Namaanisha hakuna kabati, hakuna sinki, hakuna meza ya kukatia, unakuta ukuta wenye mabomba mawili yamezibwa, na darini nyaya zinaning'inia mahali pa taa. Mpangaji aliyetoka alikubali kuniachia samani zake za jikoni kwa euro 800. Ukijumlisha hiyo, amana, gari la kuhamishia, na mwezi mmoja ambao nililipa kodi za nyumba mbili kwa sababu mikataba ilipishana, mtaelewa kwa nini sikutuma chochote Sikukuu iliyopita. Shangazi yangu alisikitika sana, akasema kumbe mwenzao ninaishi ghorofani na wao bati linavuja. Nilimpigia nikamweleza kwa adabu, lakini maneno yale yalinikaa moyoni, nami nayasema hapa kwa sababu najua wengi wenu mlio huku mmeshaambiwa vivyo hivyo.

Makaratasi nayo. Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, na lazima uende na hati iliyosainiwa na mwenye nyumba ikithibitisha kwamba kweli unaishi pale; hati hiyo ilirudishwa mwaka 2015 ili kuzuia watu kujiandikisha kwenye anwani za uongo. Ukichelewa unaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Mimi hati yangu ilikaa mezani kwa mtu hadi wiki hizo mbili zikakaribia kwisha, na huku nafasi za miadi zilizoonekana kwenye mtandao ni za mwezi unaofuata. Nilihifadhi kila barua pepe niliyoandika kuomba hati na kila picha ya ukurasa ulioonyesha kwamba hakuna nafasi, na siku ya miadi niliziweka mezani. Hawakunitoza. Aliye huku kwa kibali cha kuishi anajua kwamba anwani isiyolingana na karatasi nyingine inaweza kuzuia mambo mengi, kwa hiyo mniwie radhi kwa kulisema kwa kirefu.

Tuje kwenye kelele zenyewe. Ni kweli kwamba nchi hii ina utulivu unaolindwa: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hutakiwi kusikika nje ya nyumba yako, na Jumapili pamoja na sikukuu hutoboi ukuta kwa drili wala huendi kutupa chupa kwenye lile pipa la mtaani, kwa sababu zinapasuka kwa sauti. Heshima ya Jumapili imo hata ndani ya katiba yao. Watu wa nyumbani wanaposikia hayo wanadhani nimeishiwa la kulalamikia. Lakini mimi ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku, na ninarudi kulala saa mbili asubuhi. Utulivu wa sheria umewekwa kwa ajili ya anayelala usiku. Wakati mimi ninavuta shuka, jengo zima linaamka, na kila linalofanyika ni halali.

Juu yangu kuna familia yenye watoto wadogo wawili. Wanakimbia kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, na viti vya mbao vinaburutwa wakati wa kula, mlio mrefu unaopita darini hadi kwenye mto wangu. Sheria huwa na subira na kelele za watoto kuliko kelele nyingine, na mimi nakubaliana nayo kabisa. Mtoto hawezi kuambiwa asikimbie kwao. Ukutani upande wa kushoto yuko kijana anayesikiliza muziki, na kinachonifikia ni besi tu, ule mtetemo unaousikia kifuani zaidi kuliko sikioni, ambao vizibo vya masikio haviuzuii.

Nyumba yenyewe inachangia. Sehemu kubwa ya Barmbek iliteketea kwa mabomu ya Julai 1943, na nyumba nyingi za hapa zilijengwa upya haraka miaka ya 1950, wakati watu hawana pa kukaa na vifaa ni haba, ndiyo maana dari na kuta ni nyembamba. Nilipouliza kama ninaweza kumdai mwenye nyumba azuie sauti, nilielezwa kwamba mahakama hupima jengo kwa kiwango cha mwaka lilipojengwa, si kwa kiwango cha leo, isipokuwa kama mkataba uliahidi zaidi. Mkataba wangu hauahidi kitu. Natamani kila anayetafuta nyumba angeuliza mwaka wa ujenzi kabla ya kuuliza kuhusu roshani.

Lililoniumiza zaidi kuliko kelele zote hizo ni barua. Nilifungua kisanduku nikakuta bahasha ya ofisi inayosimamia jengo, na ndani imeandikwa kwamba mkazi mmoja amelalamika: Jumapili, saa nane na robo mchana, sauti ya kugonga iliyorudiwarudiwa kutoka nyumbani kwangu. Nilikuwa natwanga vitunguu saumu na tangawizi ya pilau katika kinu kidogo cha mkononi. Mtu huyo anaishi chini yangu, tunapishana kwenye ngazi, ananiitikia salamu. Kutoka mlango wake hadi wangu ni ngazi chache tu, lakini aliona heri aandike saa na dakika na kuituma ofisini kuliko kubisha hodi. Kule nilikolelewa, Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, jirani akikerwa atakuita kwa jina la mtoto wako au la kaka yako, atasema lake mbele yako, na jioni mtakopeshana chumvi. Sijazoea kushtakiwa kwa karatasi na mtu anayenisalimia, na sitaki kuzoea.

Hata hivyo nilijibu kwa njia yao. Niliandika barua ya heshima kueleza ni kitu gani kilichogonga, na tangu siku ile ninaweka taulo lililokunjwa chini ya kinu. Kisha nikaenda juu na kushoto kwa njia yetu. Kwa familia nilipeleka sahani ya visheti na pakiti ya vile vipande vya kitambaa kizito vinavyobandikwa chini ya miguu ya viti, ambavyo dukani ni bei ya mikate miwili. Mama wa pale alishangaa kusikia kwamba kuna mtu anayelala mchana chini yao, hakuwa anajua. Mlio wa viti umekwisha. Kwa kijana nilimwomba aniruhusu nione spika, nikaikuta imeegemea ukuta wetu wa pamoja, imewekwa sakafuni. Akaisogeza upande wa pili na kuweka mpira mzito chini yake, kwa sababu besi husafiri kupitia ukuta na sakafu inayoshikana na spika. Haijaisha, imepungua, na ananiandikia ujumbe akitaka kualika wageni.

Wapo watakaosema nimekuwa mnyonge na kwamba ningedai haki yangu. Haki ipo: kelele zikizidi, mpangaji anaweza kuwa na haki ya kupunguziwa kodi kwa muda wa usumbufu. Lakini ukijikatia mwenyewe kodi na mahakama ikaona ulikata kupita kiasi, kilichobaki kinahesabiwa kuwa deni, na deni likifika kodi ya miezi miwili mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba. Ndiyo maana wengi hushauriwa kulipa yote huku wakiandika wazi kwamba wanalipa bila kukubali, kisha wadai baadaye. Hushauriwa pia kuweka daftari: tarehe, saa ilipoanza, ilipoisha, ni sauti gani, na nani mwingine aliisikia. Mimi ninalo daftari hilo. Nimejiunga na Mieterverein zu Hamburg, chama cha wapangaji kilichokuwepo tangu 1890, kwa sababu mwanasheria wao husoma barua kabla hujaituma, na kwa mtu ambaye Kijerumani si lugha yake hilo ni jambo kubwa. Na si kila sauti inadaika. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya shirikisho iliyoko Karlsruhe iliamua kesi ya mpiga tarumbeta, ikasema kupiga ala nyumbani kwa muda wa saa mbili au tatu kwa siku ya kazi, nje ya saa za mapumziko, kwa kawaida jirani avumilie.

Wale mnaokuja kusomea uuguzi mnaniuliza kila mara mchague mtaa gani. Siwezi kuwachagulia, mishahara yenu, zamu zenu na masikio yenu si yangu. Ninaloweza kusema ni kwamba msikague nyumba saa mwenye nyumba anayoitaka yeye peke yake. Kama utafanya kazi usiku, omba kuiona asubuhi, simama chumbani kimya dakika kadhaa, tembea juu ya sakafu usikie kama inalia, na soma kanuni za nyumba zilizobandikwa kwenye ngazi, maana nyingine zinaongeza utulivu wa mchana kutoka saa saba hadi saa tisa, na kwa mlala mchana hizo ni saa mbili za thamani. Amana yangu ya nyumba ya zamani bado haijarudi, na aliyeishikilia ana haki ya kuikagua kwa miezi kadhaa. Ikirudi nitawaonyesha mahesabu yake, pamoja na kilichokatwa na sababu iliyoandikwa.